Herufi Tano Mlangoni

Ofisini walimwita Bi Nyongeza, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kugawa vitu ambavyo si lazima mtu awe navyo. Usicheke, ni kazi, tena ya kuumiza kichwa. Ofisi yao ilitengeneza programu ya kuandikia programu nyingine, chombo cha mafundi wa kompyuta, kama seremala anavyokuwa na benchi lake. Benchi lenyewe walipewa wote. Lakini mmoja anataka na droo, mwingine anataka na taa, wa tatu anataka kitu cha kumkumbusha alipokosea, na ukiwarundikia wote kila kitu, kompyuta zao zitakohoa mpaka zizime. Ndiyo maana vya hiari vikatengwa. Anayekitaka anaingia kwenye ukurasa wa ghala, anachagua, anapakua, anakwenda zake. Ghala hilo, lenye nyongeza mia tatu na ushee, ndilo lililokuwa mikononi mwa Bi Nyongeza.

Na nyongeza haiji peke yake, huja na jamaa zake. Moja inaegemea faili fulani, faili hilo nalo linaegemea jingine, na ukilisahau hata lile la mwisho kabisa, ya kwanza haisimami. Wenyewe waliyaita mategemeo. Bi Nyongeza aliyajua mategemeo ya kila kitu ghalani kuliko alivyoujua ukoo wa mumewe, na ukoo wa mumewe si mchezo, kila harusi anatokea shangazi mpya.

Sasa, Jumatatu moja asubuhi Meneja aliingia na karatasi. Meneja alikuwa mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Hajawahi kupandisha sauti, na akikufukuza kazi utadhani anakuuliza saa. Akasimama chini ya skrini kubwa ya ukutani, ile inayoonyesha nini kimepakuliwa mara ngapi, akasema toleo jipya la programu litafungwa Ijumaa saa sita kamili mchana, na safari hii hawabebi mizigo isiyo na wenyewe. Nyongeza yoyote iliyokaa siku tisini bila kupakuliwa hata mara moja itaachwa nje.

"Hata mara moja?" akauliza fundi wa mashine, aliyekuwa akikoroga chai kwa kalamu kwa sababu kijiko cha ofisi kilishapotea.

"Moja inatosha," Meneja akasema. "Sifuri ndiyo sifuri. Ufagio utapita wenyewe."

Ufagio ilikuwa programu ndogo ya kusafishia ghala. Ukiuambia ondoa nyongeza fulani, unaiondoa, kisha unarudi nyuma kutazama ile nyongeza ilikuwa imeegemea nini. Ukikuta tegemeo halina mwingine wa kulihitaji, nalo linakwenda, na la nyuma yake, na la nyuma yake, mpaka kwenye mzizi. Ulichofagia hivyo hukirudishi kwa siku moja.

Karatasi ilikuwa na majina kumi na manne. Ya kwanza ilikuwa nyongeza ya kufanya herufi zionekane zinawaka moto, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kulihitaji. Bi Nyongeza akashuka na kidole, akitabasamu, mpaka namba tisa. Namba tisa iliandikwa Sauti. Tabasamu likakatika.

Sauti ilikuwa nyongeza ya kumsomea mtu kwa sauti kile anachokiandika, mstari kwa mstari, alama kwa alama, kwa fundi asiyeona. Iliegemea faili lililoitwa Koo, na Koo likaegemea jingine lililoitwa Pumzi. Hakuna kitu kingine ghalani kilichoyahitaji mawili hayo. Ufagio ukipita, vyote vitatu vinakwenda na maji.

Na mtu mmoja aliyeitumia Sauti tangu asubuhi mpaka jioni aliishi nyumbani kwa Bi Nyongeza, chumba cha uani. Alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wao. Tangu utotoni walimwita Redio kwa sababu alikuwa hanyamazi, hata akilala alikuwa anazungumza. Naye alikuwa mwandishi wa programu, mzuri kuliko dada yake, na dada yake alikiri hivyo akiwa peke yake. Miaka miwili iliyopita ugonjwa ulimshika akaingia hospitali akiona, akatoka baada ya wiki tatu akiwa haoni. Siku aliyorudi nyumbani Bi Nyongeza aliichukua Sauti ghalani, akaitia kwenye flashi, akamletea mwenyewe mkononi na kumwekea kwenye kompyuta. Redio akakaa chumbani miezi mitano akijifunza kazi yake upya kwa masikio. Sasa aliisikiliza kwa kasi ambayo mtu mwingine haambulii hata neno. Shemeji yake, mume wa Bi Nyongeza, alisema ni kama kumsikiliza kuku anayekimbizwa.

Kampuni moja ya pampu za maji ilikuwa imempa kazi ya majaribio kwa miezi mitatu. Miwili ilishakwisha. Na Jumamosi ya wiki hiyohiyo kompyuta zote za kampuni zilikuwa zinahamia kwenye toleo jipya, ambalo Sauti ya zamani haikubaliani nalo hata kidogo. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Sauti mpya isipoingia ndani ya toleo, Jumatatu Redio ataketi mbele ya mashine bubu, na siku hiyo hata mwenye huruma vipi hawezi kumwajiri. Yeye mwenyewe alishasema, bila kuulizwa, wakati akimenya viazi: "Hii ikinitoka, dada, sitafuti nyingine. Nitakaa nikumenyee viazi mpaka uzee."

Bi Nyongeza hakutishika sana. Kilichohitajika ni mara moja tu. Jioni ile akamweleza mdogo wake: Ijumaa saa sita mchana mwisho, sifuri isiwepo.

"Kwa hiyo wewe kesho ukifika kazini, ingia ghalani upakue toleo la majaribio la Sauti mpya. Basi. Usipakulie hapa nyumbani, haihesabiwi."

"Kwa nini haihesabiwi?"

"Wafanyakazi na watu wa nyumba zao hawahesabiwi, na mtandao wa hapa mashine inaujua. Kuna bwana mmoja wa ofisini aliwapakulisha binamu zake nyongeza yake, saa ya rangi, mpaka ikawa ya kwanza nchi nzima. Nikaweka kanuni."

"Wewe na kanuni," Redio akasema. "Haya. Kesho."

Hapo inabidi nikueleze habari ya mlango. Miaka mitatu nyuma ghala lilivamiwa na roboti, yaani programu zinazozunguka mtandaoni zikipakua ovyo bila haja, na takwimu zote zikawa uongo mtupu. Bi Nyongeza ndiye aliyepata dawa. Kabla mtu hajapakua, ukurasa unamwonyesha picha ya herufi tano zilizopindapinda, na chini yake kisanduku cha kuziandika. Ukiziandika sawasawa, wewe ni mtu, pita. Ukishindwa, wewe ni roboti, na unaandikwa hivyo kwenye daftari la mashine. Aliijaribu kwa watu wa nyumbani kwake, wakapita wote. Roboti zikakoma. Ofisi ikampa cheti, akakitia kwenye fremu na kukisimamisha mezani, na tangu siku hiyo kila mwezi aliandaa jedwali la Roboti Zilizozuiwa, na kila mwezi walimpigia makofi.

Jumanne alishinda akiitazama skrini ya ukutani. Watu walipakua hiki, wakapakua kile. Sauti ikabaki sifuri mpaka wanazima taa.

"Ulisahau?" akamuuliza Redio wakati wa kula.

"Sikusahau."

"Sasa?"

"Nilijaribu. Ghala lenu lina kiburi."

"Mtandao wenu ulikuwa chini?"

"Labda," Redio akasema, na papo hapo akamgeukia shemeji yake kuhusu kitambi, kwamba kiti kinalia kuliko juzi. Shemeji akamjibu, wakaendelea hivyo mpaka sahani zikaondolewa.

Jumatano sifuri. Bi Nyongeza alirudi nyumbani amefura. Alimkuta Redio ukumbini anakunja nguo, kwa utaratibu wake, soksi zote akizifunga mbili mbili.

"We bwana, unanitania?" akaanza kabla hajavua viatu. "Ni kubonyeza mara moja! Kitu cha kubonyeza mara moja kinakushinda siku mbili?"

"Kama ni mara moja bonyeza wewe."

"Mimi sihesabiwi!"

"Basi tumekuwa wawili," Redio akasema, akaendelea na soksi.

"Mwambie mwenzako yeyote kazini akusaidie. Watu wapo, midomo ipo."

Redio akaacha kukunja. "Dada, nimebakiza mwezi mmoja wa kupimwa. Leo nikiomba macho ya mtu, kesho watanipangia wa kunishika mkono mpaka chooni. Sitaki."

"Macho ya nini sasa? Nani kakuambia habari ya macho?"

Redio alibeba nguo zake akaenda chumbani, akihesabu hatua kimyakimya, na baada ya muda Sauti ikasikika kupitia ukuta, kuku wake anakimbizwa. Bi Nyongeza alibaki ukumbini amejaa hasira. Mtu mzima, aliwaza, kazi yake inaungua na yeye amekaa kununa. Kiburi hicho. Kiburi walichomlea nacho wenyewe kwa sababu alikuwa wa mwisho.

Mwingine hapo angejiuliza. Mdogo wako si mjinga, si mvivu, na ametaja macho. Lakini nyani haoni kundule, na mlango ule Bi Nyongeza alikuwa ameutazama miaka mitatu mpaka akawa hauoni tena. Ukurasa ulipofunguka vidole vyake viliandika herufi tano vyenyewe, akiwa anawaza mboga.

Alhamisi akamfuata Meneja kwenye korido, pale kwenye mtungi wa maji. Akamwambia namba tisa isiondolewe, kwa sababu anajua kwa hakika inatumika.

"Kwa takwimu gani?" Meneja akauliza, akijaza bilauri yake polepole.

"Ndugu yangu anaitumia. Ndiyo inayomwezesha kufanya kazi."

"Pole. Hukuwahi kusema." Alikuwa na huruma ya kweli, ndiyo tabu ya watu kama hao. "Lakini ndugu hahesabiwi, Bi Nyongeza. Kanuni yako ile. Nzuri sana, imetusaidia."

Bi Nyongeza alirudi mezani kwake akakaa. Alifikiria kumpigia rafiki yake wa zamani, fundi cherehani, amwambie abonyeze mara moja na mambo yaishe. Akaishika simu. Kisha akakumbuka yule bwana wa binamu na saa ya rangi, jinsi alivyoondoka ofisini akiwa amebeba sanduku la vitu vyake na watu wote wakijifanya wanasoma. Akaiweka simu chini. Hakuwa mtakatifu, aliogopa tu.

Ijumaa saa nne na nusu, kikao kikiwa saa tano, alikuwa anatayarisha jedwali lake la kila mwezi. Alifanya kama siku zote: kuvuta takwimu, kuzipanga kubwa mpaka ndogo, kuzitia rangi. Roboti Zilizozuiwa, siku tisini. Juu kabisa, kama miezi miwili iliyopita, ilikaa Sauti. Mara mia nne na kumi na mbili.

Miezi miwili iliyopita jambo hilo lilimchekesha. Alisimama kikaoni akasema roboti ni mapunguani, zinajazana kwenye kitu ambacho hakuna anayekitaka. Fundi wa mashine alicheka mpaka chai ikamwagika.

Safari hii hakucheka. Kwa mara ya kwanza alifungua daftari lenyewe, lenye mstari kwa kila aliyezuiwa, na siku, na saa, na mahali alipotokea. Akasoma juu kwenda chini. Saa mbili na robo asubuhi. Saa tatu. Saa nne kasorobo. Kisha karibu na saa saba hakuna kitu, halafu saa nane zinaanza tena. Usiku, hakuna. Akatafuta Jumapili. Zilikuwa Jumapili kumi na tatu katika siku zile tisini, na katika zote alikuta mstari mmoja tu.

Roboti gani inakwenda kula mchana? Roboti gani inapumzika Jumapili?

Akashuka mpaka Jumanne ya wiki hii. Kampuni ya pampu za maji, saa nne na dakika kumi na nne. Kampuni ya pampu za maji, saa nne na dakika kumi na sita. Mara kumi na moja, akihesabu kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Baada ya ile ya kumi na moja, dakika arobaini hakuna kitu, halafu mstari mmoja wa namna nyingine: amejaribu kufungua fomu ya malalamiko, amezuiwa. Fomu ya malalamiko nayo ilikuwa na picha ileile. Bi Nyongeza ndiye aliyeiweka huko pia, na alisifiwa kwa kuona mbali. Jumatano mara tatu. Alhamisi hakuna.

Akafungua ukurasa wa ghala, akawasha kisomaji cha kawaida cha kompyuta, kinachotamka maneno yaliyo kwenye kioo ingawa alama za kuandikia programu kinaziruka, akavaa vifaa vya masikioni, akafumba macho. Akatembea kwenye ukurasa kwa kitufe kimoja, kama alivyomwona Redio akifanya. Kikamsomea kichwa. Kikamsomea Sauti, toleo jipya, pakua. Akabonyeza. Kikasema: "Picha." Akabonyeza mbele. "Sehemu ya kuandika." Akarudi nyuma. "Picha." Akafumba macho kwa nguvu zaidi, kana kwamba hilo lingesaidia. "Picha."

Aliona aibu. Si aibu ya kukosea mbele ya watu, maana hakukuwa na mtu aliyemtazama. Ilikuwa aibu iliyomfanya atamani kuvua ngozi. Mia nne na kumi na mbili, na yeye alizitia rangi ya kijani akapigiwa makofi.

Kikaoni walikuwa sita kwenye chumba cha viti vinane, feni ikizunguka juu na kutoa mlio wake kila mzunguko wa tatu. Zamu yake ilipofika aliweka daftari ukutani badala ya jedwali.

"Hizi si roboti," akasema. "Ni watu wasioona. Nyongeza ni ya wasioona, na mlango wake unataka uone. Wanaotumia toleo la zamani wamepeana kwa flashi mkono kwa mkono, ndiyo maana hawaonekani popote. Hili jipya wamelifuata mlangoni, na sisi tumewafungia."

"Ushahidi kwamba ni watu?" Meneja akauliza kwa upole.

"Hawaji Jumapili."

Mmoja akacheka, halafu akaona hakuna mwenzake, akanyamaza.

Meneja alizisoma zile saa moja moja. "Nakuelewa," akasema, "na ninakuamini. Lakini kigezo tulichotangaza ni kupakua, na hawa hawakupakua. Nikibadilisha leo kwa moja, wale kumi na watatu wengine nao watataka. Tuandike kwenye toleo lijalo. Miezi sita si mingi."

Miezi sita! Bi Nyongeza alitaka kupiga kelele. Badala yake alikaa, akafungua kompyuta yake palepale mezani, akaingia ghalani kwa ufunguo wake na kuiondoa picha. Ilimchukua dakika nne. Kuiweka kulimchukua wiki mbili.

"Unafanya nini?" Meneja akauliza.

"Nimefungua mlango. Ni saa sita kasoro dakika ishirini na moja. Haya, tutazame."

"Roboti zitaingia."

"Ziingie. Watu nao wataingia."

Wakageuza viti kuelekea ukutani. Hakuna aliyeamriwa, lakini wote waligeuka. Na kweli roboti ziliingia, tena hazikuchelewa. Ile nyongeza ya herufi za moto, iliyokaa sifuri siku tisini, ikaruka mpaka arobaini, mpaka mia mbili, mpaka mia saba, moto unawaka kweli. Fundi wa mashine akasema, "Mwacheni mwenye ghala apate wateja," kisha akaomba radhi. Sauti ilibaki sifuri.

Kasoro dakika kumi. Simu ilikuwa kwenye mkoba wa Bi Nyongeza, na angeweza kumpigia Redio kazini: jaribu sasa hivi. Hakumpigia. Kanuni ilisema watu wa nyumba zao, na Meneja alishajua kwamba ana ndugu. Angemuuliza mstari wa kampuni ya pampu ni wa nani, nao ungefutwa mbele ya macho yake. Ilibidi awe mwingine, mtu asiyemjua, aliyefungiwa mara nyingi na bado hajakata tamaa, na aamue kujaribu tena katika dakika hizi na si nyingine. Alimwomba mtu huyo kimoyomoyo. Hata msamaha alimwomba, kwa kuwa alikuwa anamhitaji.

Kasoro tano. Feni ikalia. Kasoro nne. Meneja alishatoa kalamu moja kati ya nne.

Kasoro tatu Sauti ikawa moja.

Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wanaitazama kama mtu anavyotazama jino lililotoka. Meneja akainama kwenye kompyuta ya Bi Nyongeza kuona ilikotoka. Ulikuwa mji mdogo, mbali, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika.

"Nani huyu?"

"Simjui."

"Kweli humjui?"

"Simjui," Bi Nyongeza akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu watano, akayaacha.

"Moja ni moja," Meneja akasema. Akaikata namba tisa kwenye karatasi yake. Halafu, akiwa mtu wa haki, akaikata na namba moja. Saa sita kamili ufagio ukapita, ukaondoka na kumi na mbili. Herufi za moto zikapona kwa hisani ya roboti, na mpaka leo zimo ndani ya toleo, na hakuna mtu anayezitumia. Suala la mlango mpya, utakaompitisha anayeona na asiyeona, likawekwa kwenye ajenda ya Jumatatu, na jedwali la Roboti Zilizozuiwa likafutwa. Bi Nyongeza alikilaza cheti chake kifudifudi kwenye droo, chini ya waya.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa halijazama. Redio alikuwa mezani ukumbini na kompyuta yake, akamjua kwa viatu.

"Dada! Ghala lenu leo limepata akili. Nimepakua saa nane, baada ya kula. Nilijaribu tu, nikakuta mlango wazi." Alikuwa na furaha, lakini anaificha. "Sema nimechelewa. Saa sita ilishapita."

"Hukuchelewa. Mwingine alikutangulia. Imo ndani ya toleo, na Koo, na Pumzi, vyote."

Redio akashusha pumzi ndefu. Akapapasa meza mpaka akapata ukingo wake, akaushika. "Alhamdu," akasema, halafu akanyamaza, Redio yule asiyenyamaza.

Bi Nyongeza hakuketi. "Ile picha ya herufi," akasema. "Niliiweka mimi."

"Najua."

"Unajuaje? Sijawahi kukuambia."

"Hukuhitaji kuniambia. Ulinikalisha hapahapa, kwenye kiti hiki, kabla hata hujaipeleka ofisini. Ukanionyesha moja baada ya nyingine nizisome. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Aliijaribu kwa watu wa nyumbani, ndivyo alivyokuwa akisimulia siku zote, na wote wakapita. Hakuwahi kurudi nyuma kuwataja mmoja mmoja.

"Leo asubuhi nilimwendea mwenzangu kazini," Redio akasema. "Nikasimama mezani kwake nimwombe anisomee herufi tano. Tano tu. Nikaishia kumwomba maji ya kunywa. Nikasema basi, nikuambie wewe. Nalo likanishinda."

"Kwa nini, mdogo wangu? Kazi yako ilikuwa inakwenda!"

"Mlango ule ulikuwa unaupenda."

Bi Nyongeza alitaka kusema pole, na neno likawa dogo mno.

"Mimi nilikuambia siku ile, lakini," Redio akaendelea, na sasa alikuwa anatabasamu. "Nilikuambia hizi herufi zimepinda mno, atakuja mtu atashindwa. Ukasema mwenye macho hashindwi."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilicheka, dada. Nilikuwa na macho."

Bi Nyongeza akavuta kiti akakaa karibu naye. Redio akabonyeza kitufe, na Sauti mpya ikaendelea na mstari uliokuwa umekatika.